Hema la Mtumba

Belo lilipopasuliwa, Mutheu alikuwa akiwinda makoti.
Hili alinirushia kama mtu anayetupa maganda:
"Fundi, zipu imekufa. Ukiifufua, tugawane."

Nikalitandaza. Kijani kilichopauka.
Likafunika meza, mkasi, chai yangu,
likanuka moshi.
Si moshi wa Gikomba, huo naujua,
wa viatu na mbao na mtaji wa watu usiku mmoja.
Huu ulikuwa moshi wa taratibu,
wa mtu aliyeukalia moto
kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda, wala hakupataka.

Kwenye pindo nikachokoa majani makavu,
membamba, mawili mawili, yameshikana shingoni.
Misonobari naijua, ipo njia ya Limuru,
lakini ya huko majani yake marefu, yamelegea.
Haya mafupi, makaidi, yamezoea baridi.
Sindano yangu ilikuwa mdomoni.
Nikaona aibu kidogo, sijui ya nini.

Halafu mfuko wa kando, ule wa tochi:
ufunguo.
Wa shaba, umefungiwa kijiti kilichochongwa,
na juu ya kijiti, kwa chuma cha moto,
namba 7.
Kibanda cha saba, basi. Kuna sita kabla yake
mahali fulani miti ilikosongamana,
na theluji inasukuma mlango ambao ufunguo wake
uko Nairobi.

Mwaka wa mafuriko nasi tulipewa hema,
jeupe, kwenye uwanja wa shule, familia mbili,
Moraa akiwa na miezi minne.
Kwetu hema huja baada ya nyumba.
Au huja na matanga, na viti vya kukodi.
Kumbe kuna watu huliendea kwa miguu
wakiwa wameacha kitanda kimetandikwa!
Nilitaka kuwacheka.
Lakini karibu na dirisha la wavu nikakuta kiraka
kilichoshonwa kwa mkono, kimekwenda upogo,
kwa uzi wa kuvulia samaki,
mshono wa mtu aliyeshona gizani, mvua ikiingia.
Mshono huo sikuufumua.
Niliupitia juu tu, kwa nailoni, polepole.

Hema halikaguliwi kwa macho. Hulaliwa.
Jumamosi tukalipandisha ghorofa ya sita, Kariobangi,
kati ya tangi la maji na kamba za nguo.
Saruji haikubali vigingi,
nikafunga pembe kwenye mitungi iliyojaa.
Julai. Moraa kavaa soksi mikononi.
"Baba, dubu anaweza kupanda ngazi?"
"Mwenye ploti hamruhusu. Hajalipa maji."
Akafikiri. "Na akilipa?"

Nikavuta zipu, ikafuata bila ubishi.
Jiji likabaki kivuli juu ya kitambaa:
mkono wa sweta ya jirani ukipunga, ukipunga,
kesha la kanisa likiishiwa sauti,
mtu akiosha sufuria saa nane za usiku.
Umande ukashuka. Kiraka hakikuvuja.
Moraa alilala katikati ya swali.
Mimi nilibaki macho nikisikiliza
kama mtu aliyetangulia bado yumo,
amegeukia upande wa pili.

Alhamisi akaja kijana apelekaye watu Nyandarua.
Akavuta zipu mara tatu, akanusa.
"Limelaliwa?"
"Na wenyewe. Na sisi, usiku mmoja."
Hakuniuliza sisi ni nani.
Nikampa Mutheu nusu yake, akahesabu mara mbili
na kulalamika mara moja, vile ilivyo desturi.

Ufunguo sikuutaja.
Anao Moraa, shingoni, kwa utepe wa shule.
Anaujaribu kwenye kila kufuli ya mtaa.
Jana, anadai, mlango wa choo cha ploti
ulikubali kidogo.